Swali la Thelathini na Moja

Columbus, 4 Februari 2016

Mzee Verlin,

Hujambo? Goti nalo linasemaje na baridi hii?

Nakutumia rasimu ya dodoso walilolileta mawakili wa kampuni iliyomwaga kemikali kwenye maji yenu. Usishtushwe na unene wake. Kesi yetu ina wadai zaidi ya elfu tatu, na jaji hataki kila mmoja avutwe mahakamani kuhojiwa kuhusu maji aliyokunywa na ugonjwa alioupata. Kwa hiyo kila mdai atajaza dodoso lile lile, kwa kiapo, lakini kwanza pande mbili zipatane maswali yapi yawemo. Wao wanataka kujua kila kitu, hadi rangi ya soksi zenu. Kazi yangu mwezi huu ni kukata.

Wewe usijaze kitu. Soma tu, uniambie ni lipi linalokukera, maana wewe ni mmoja wa wale tuliowaomba wasome kwa niaba ya wenzao. Najua sehemu ya ndoa itakuuma. Hata mwaka haujaisha tangu Bibi Wilda atutoke, na sitaki mtu akutoneshe kidonda.

Nisalimie watu wa Sorrel Bend.

Wakili wako,
Noreen Castellani


Sorrel Bend, West Virginia
10 Februari

Noreen mwanangu,

Goti lipo. Siku hizi linatabiri theluji kuliko redio.

Nimelisoma dodoso lote. Aliyelitunga hana mke, au anaye na hawazungumzi. Anauliza nilikunywa glasi ngapi za maji ya bomba kwa siku. Nani duniani anahesabu glasi? Anauliza sufuria zetu zilikuwa za aina gani. Junie Cobb wa hapa jirani naye amepata lake, akaja nalo asubuhi. "Verlin," akasema, "wananiuliza kama nimewahi kuvuta sigara. Niandike nini?" Nikamwambia, "Andika ndiyo, Junie, hiyo hapo mdomoni." Akanitukana, kisha akala maharage yangu yote na mkate wa mahindi.

Ila kuna hilo la thelathini na moja, mwisho wa sehemu ya ndoa. "Eleza kwa maneno yako mwenyewe maisha yako na mwenzi wako yalivyokuwa kabla ya ugonjwa, na ulichokipoteza. Ongeza karatasi ikihitajika." Hilo limeninyima usingizi. Nalisoma, naliweka chini, naenda kuchochea moto, narudi kulisoma tena. Junie anasema niachane nalo, litaniua. Nakaa mezani na kalamu kama mtoto aliyeachwa darasani wenzake wakienda kucheza.

Basi ndiyo hivyo.

Verlin Stidham


Columbus, 17 Februari

Msomi mwenzangu Philip,

Jaji Whitcomb ametuamuru tuandikiane na tujaribu kupatana kabla ya kumsumbua. Natii. Lakini kurasa sitini na nne, Philip? Mteja wako anatengeneza kemikali au anachapisha vitabu?

Mengi tunaweza kuyamaliza kwa simu. La ndoa nataka liwe kwa maandishi. Sehemu nzima, kuanzia swali la 20 hadi la 31, ifutwe. Swali la 22, kama wanandoa waliwahi kuishi mbalimbali, ni umbea uliovaa tai. Na la 31 ni ukatili. Nina mgane mmoja Sorrel Bend, rubani mstaafu wa boti za mtoni, ambaye swali hilo limemnyima usingizi. Ameniandikia hivyo kwa mkono wake. Mtu aliyemzika mkewe juzi asilazimishwe kumweleza mdaiwa jinsi anavyoumia.

Weka kisanduku kimoja: "Je, unadai fidia kwa kupoteza ushirika wa mwenzi wako? Ndiyo. Hapana." Inatosha.

Noreen Castellani
Wakili wa wadai


Pittsburgh, 22 Februari

Msomi Noreen,

Mteja wangu anatengeneza kemikali. Vitabu tunavitengeneza mimi na wewe, na tunalipwa kwa ukurasa.

Nakupa sehemu yote ya ndoa. Kisanduku kimoja, kama ulivyotaka. Nami nipe rekodi za hospitali za miaka kumi na tano badala ya kumi. Ukikubali kabla ya Ijumaa, nitayapeleka makubaliano kwa jaji ayasaini.

Kuhusu mgane wako, nampa pole, na pole hiyo ni yangu binafsi, siyo ya kampuni. Swali la 31 nililiandika mwenyewe. Sikuliandika kwa ukatili. Hata hivyo limefutwa.

Philip Ostrander
Wakili wa mdaiwa


Columbus, 26 Februari

Mzee Verlin,

Tumeshinda! Kutoka kurasa sitini na nne tumeshuka hadi kumi na tisa. Mawakili wenzangu wamenipigia makofi ofisini, na mmoja wao huwa hampigii mtu makofi hata kanisani.

Na nililolipigania zaidi ni lile lako. Nilimwambia wakili wao waziwazi kwamba swali la 31 linakutesa, akalifuta. Sehemu yote ya ndoa imeondoka. Kimebaki kisanduku kimoja cha kutia alama, dakika moja umemaliza.

Sasa lala, mzee wangu.

Noreen


Sorrel Bend, 1 Machi

Noreen,

Nimeisoma barua yako nimekaa, kisha nikaisoma tena nimesimama. Ningetaka kukushukuru, maana umehangaika. Lakini mama yangu alinifundisha nisimshukuru mtu kwa uongo.

Nilisema swali limeninyima usingizi. Sikusema liondolewe.

Wilda alipofariki watu walileta vyakula hadi friji ikakataa kufungwa. Walisema pole, walisema yuko mahali pema, walisema angalau hateseki tena. Baada ya mazishi hakuna aliyelitaja tena jina lake. Nikianza, "Wilda alikuwa..." mtu anatazama dirishani na kusema mto umejaa mwaka huu. Mchungaji ananiuliza goti. Junie, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ananiletea mikate ya pepperoni, ile yenye soseji ndani, na kuzungumza habari za mpira mpaka inaisha. Wanaogopa nitalia. Nitalia, ndiyo. Kwani kulia kumewahi kumvunja mtu mguu?

Watoto hatukujaliwa. Hakuna wa kukaa naye nikamwambia, unakumbuka mama yako alivyofanya hivi. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza Wilda alikuwaje.

Halafu akatokea mtu wa Pittsburgh, adui yangu, akaniuliza. Kwa maandishi. Akasema nikihitaji niongeze karatasi. Nilitembea na goti hili hadi dukani nikanunua bunda zima. Nimekaa nalo mezani nikitafuta pa kuanzia, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, mwanangu. Nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu azikwe.

Sasa nina kisanduku. Umenitetea mpaka ukanipora.

Sina hasira nawe. Nina hamu naye tu.

Verlin


Columbus, 3 Machi

Msomi Philip,

Nakuandikia jambo ambalo sijawahi kuliandika, na nadhani hujawahi kulisoma. Naomba uongeze swali.

La 31. Lirudi kama ulivyoliandika, neno kwa neno, pamoja na ile ruhusa ya kuongeza karatasi. Kosa ni langu. Mteja aliniambia jambo, nami nikasikia lile nililokuwa nimejiandaa kulisikia.

Najua makubaliano yako mezani kwa jaji na kikao ni Alhamisi. Ndiyo maana nakutumia kwa tarishi.

Noreen


Pittsburgh, 4 Machi

Msomi Noreen,

Nilidhani katibu wako amekosea bahasha. Nimekuwa wakili tangu nywele zikiwa nyeusi, na upande wa wadai haujawahi kuniomba niwaulize zaidi.

Mimi binafsi ningelirudisha leo. Lakini nami nina mabwana, na wao wataniuliza wanapata nini. Wanataka la 22. Nimejaribu kuwapunguza nimeshindwa. Nilichoweza ni hiki: maswali yote mawili yawe ya hiari, ila yaende pamoja. Anayetaka kujibu la 31 ajibu na la 22. Asiyetaka, atie alama kwenye kisanduku aende zake.

Nipe jibu kabla ya Alhamisi.

Philip Ostrander


Columbus, 5 Machi

Mzee Verlin,

Barua yako ya kwanza niliisoma kama wakili. Ilipaswa isomwe na mtu. Nisamehe.

Swali lako linaweza kurudi, lakini linakuja na ndugu yake. La 22 linauliza: "Katika ndoa yenu, mliwahi kuishi mbalimbali? Kwa muda gani?" Na wewe ulikuwa mtu wa mtoni. Wiki nne kwenye boti, mbili nyumbani, tangu mlipooana hadi ulipostaafu. Watapiga hesabu mbele ya wazee wa baraza watakaoamua kesi. Watasema, huyu bwana anadai amepoteza ushirika wa mke ambaye hata hakuwa akiishi naye sehemu kubwa ya maisha. Nimeshaona watu wakikatwa kwa kisu hicho. Dai lako la ndoa linaweza kupunguzwa, linaweza hata kutupwa lote.

Ukitia alama kwenye kisanduku, uko salama. Nakuomba utie alama. Maneno ya Wilda niandikie mimi, nitayasoma yote, nakuapia.

Lakini uamuzi ni wako, na safari hii nitasikia unachosema. Piga simu ofisini.

Noreen


Sorrel Bend, 8 Machi

Noreen mwanangu,

Nilikuambia kwa simu, sasa nakuandikia ili usije ukasema hukusikia. Yawekwe yote mawili.

Junie alikuwepo nilipopiga. "Una kichaa," akaniambia. "Unatupa haki yako kwa sababu ya insha?" Nikamwambia, "Junie, wewe ulimjua Wilda tangu shule. Niambie kitu kimoja juu yake." Akavua kofia. Kisha akasema, "Alikuwa anacheka kabla hajamaliza kuchekesha." Akatoka nje, na nikamwona kupitia dirisha anajifuta uso kwa kofia.

Umeona? Kumbe alikuwa nacho muda wote.

Ahadi yako ya kusoma naishukuru, lakini wewe uko upande wangu. Nataka wasome wao. Waapishe, nami nitaapa.

Verlin


DODOSO LA MDAI: VERLIN STIDHAM, SORREL BEND
18 Aprili 2016

Kwenu mnaouliza,

Jibu la 22. Ndiyo. Tuliishi mbalimbali karibu maisha yetu yote. Nilikuwa rubani wa boti za kusukuma matishari ya makaa ya mawe katika Mto Ohio. Kati ya kila wiki sita, nne nilikuwa mtoni. Hesabu mtapiga wenyewe, nasikia mnaijua. Ongezeni na hili, maana nimeapa kusema kweli yote: kwenye boti tulikunywa maji ya chupa. Wilda alikuwa nyumbani, akinywa ya bomba. Aliyenisubiri ndiye aliyekunywa. Mimi figo zangu nzima, na kuna asubuhi nazichukia.

Jibu la 31. Alipika jikoni shule ya msingi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikuwa anacheka kabla hajamaliza kuchekesha. Hilo nimelikopa kwa jirani, ila ni kweli.

Nyumba yetu iko kwenye kona ya mto. Kabla ya kufika, nilikuwa napiga honi moja ndefu. Wilda anaacha alichokishika, anatoka barazani, anatandika kitambaa cha meza chekundu kwenye ukingo wa baraza. Ni kitambaa cha Krismasi, lakini alikitandika hata Julai. Kisha ananyanyua sufuria juu ya kichwa na kuifunua kuelekea mtoni, kunionyesha ninachokikosa siku hiyo. Kuku na matonge ya unga yaliyochemshwa kwenye mchuzi. Mara vitunguu pori, wakati wa masika. Nami nampungia mkono kutoka chumba cha usukani mpaka miti inamficha. Wenzangu walinicheka, wakaniita Bwana Sufuria. Nilipiga kona ile mara nyingi mno kuhesabika, na kila mara moyo ulinienda mbio kama wa kijana anayeposa.

Nikiwa nyumbani, siku ya tatu tu alikuwa ananiambia, "Verlin, rudi mtoni kabla sijakuchoka." Siku ya kuondoka alikuwa anaficha viatu vyangu.

Alitaka kitu kimoja. Alitaka apande boti siku moja, aione nyumba yake kutoka mtoni, aone ninachokiona mimi. Nilimwambia nikistaafu nitaomba ruhusa. Nilistaafu Machi. Mei walimkuta na saratani ya figo.

Mnauliza nilichokipoteza. Tulikuwa tumeweka akiba. Si fedha, siku. Miaka yote ile tulikuwa tunasema, tutakaa pamoja baadaye. Nilichokipoteza ni hiyo baadaye.

Naapa kwamba haya ni kweli.

Verlin Stidham


Pittsburgh, 16 Mei 2016

TAARIFA YA UPUNGUFU

Kwa wakili wa mdai,

Tumepitia dodoso la Bw. Verlin Stidham. Majibu yafuatayo hayajakamilika. Kwa mujibu wa amri ya mahakama, mdai ana siku thelathini kuyakamilisha, la sivyo dai linaweza kufutwa.

Swali la 31 (a). Mdai anasema mkewe alitaka kuiona nyumba yao kutoka mtoni. Hasemi wazi kama aliwahi kuiona.

Swali la 31 (b). Mdai anasema alimpungia mkewe mkono kutoka chumba cha usukani. Hasemi kama mkewe alimwona.

Philip Ostrander

Noreen, taarifa hizi kwa kawaida huandikwa na vijana wa ofisini. Hii nimeiandika mimi. P.O.


Columbus, 18 Mei

Mzee Verlin,

Usifungue kilichomo humu ukiwa na njaa. Wamekuletea barua ya upungufu. Hupelekewa wadai kwa mamia, na wateja wangu wengine wamelia kwa ajili ya barua hizi. Nimekasirika kwa niaba yako. Kuhusu la 22 hawakusema neno, na sijui kama hiyo ni heri au mtego.

Tunapaswa kujibu. Mistari miwili tu inatosha: "Hapana" na "Ndiyo." Niambie nikuandikie.

Noreen


Sorrel Bend, 29 Mei

Noreen mwanangu,

Acha hasira. Barua hiyo nimeibandika kwenye friji. Ndiyo barua nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu, na samahani, hata zako nimezihesabu. Mtu amesoma kurasa zangu zote juu ya Wilda, akafika mwisho, akasema: hujamaliza, endelea.

Jibu la kwanza ni jepesi kuliandika. Hakuwahi. Nilipopata ruhusa ya boti alikuwa hawezi kushuka ngazi.

La pili nilitaka kuandika "Ndiyo" kama ulivyosema. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Kisha nikakumbuka ni kiapo, na mimi sikuwahi kusimama barazani pale nikiitazama boti yangu. Ningewezaje? Nilikuwa ndani yake.

Basi nikampigia Garnet Lusk, kijana niliyemfundisha usukani, anaendesha boti ile ile. Nikamwambia ukifika konani piga honi moja ndefu, halafu unipungie mkono. Akasema, "Bwana Sufuria, umezeeka vibaya." Lakini alikubali.

Jumanne mchana nikasikia honi. Nilitoka barazani. Nilitandika kitambaa chekundu pale alipokuwa akikitandika, nikanyanyua sufuria juu ya kichwa kama yeye. Boti ikapita na matishari yake. Nilikitazama chumba cha usukani tangu kilipotokea mpaka miti ikakifunika. Ni kioo kitupu, Noreen. Jua linapiga pale, kinang'aa, humwoni mtu ndani. Huoni hata kivuli.

Nilimpigia Garnet jioni. "Ulinipungia?" Akasema, "Mzee, nilipunga mpaka bega likaniuma."

Kwa hiyo jibu ni hapana. Mke wangu hakuniona. Alikuwa anatoka jikoni, mvua au theluji, anatandika kitambaa cha Krismasi na kukinyanyulia sufuria kioo kisichomjibu, kisha anaingia ndani kula peke yake. Mara zote hizo. Na nikirudi nyumbani namuuliza, "Uliniona nikikupungia?" naye ananijibu, "Nilikuona, Verlin. Unahitaji kunyoa."

Nilikaa kwenye kiti chake nikacheka, halafu mambo mengine yakafuata. Junie alikuja akanikuta hivyo. Safari hii hakuzungumza habari za mpira.

Sasa nakitandika kila honi inapolia. Wale vijana wote wameshajua. Siwaoni, lakini najua wanapunga.

Mpelekee Bwana Ostrander karatasi hizi kama zilivyo, usikate kitu. Mwambie niliwahi kusema aliyelitunga dodoso lile hana mke. Huenda ni kweli, ila si kwa jinsi nilivyofikiri, na kama ni hivyo nampa pole, naye akitaka kuulizwa nitamuuliza.

Na mwambie kama jibu langu bado lina upungufu, aandike tena. Nakiri kwa kiapo kwamba linao.

Verlin Stidham